Ryan Ogam na Austria: alifanya poa kuenda ama angengoja kwanza?

Wa_Umoja_Stage
Wasee hebu mnisaidie na hii maana hapa kwetu Umoja watu wamekosana. Ryan Ogam wa Tusker, yule aliyefunga Moroko pale Kasarani kwa CHAN ya 2024 iliyochezwa Agosti 2025, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, halafu sisi Kenya tukacheza kipindi chote cha pili tukiwa kumi, akaja akamaliza pia Zambia, hakukaa sana akasaini Wolfsberger AC ya Austria na miaka 20 tu. Mimi nasema aliharakisha. Angecheza msimu mzima hapa, afunge mabao yake ishirini, ndio klabu kubwa imtafute. Saa hii nani hapa Nairobi anaangalia ligi ya Austria? Akipotea huko tutajuaje?

shabiki_wa_jua_kali
Buda hapo kwa msimu mzima sikubaliani na wewe. Masoud Juma alikuwa mfungaji bora hapa mwaka wa 2017 akiwa Kariobangi Sharks, si ndio, na bado hiyo klabu kubwa ya Ulaya haikukuja, akaenda Afrika Kusini kisha akazunguka Uarabuni na Afrika Kaskazini. Ni kazi halali na pesa alipata, lakini ona, mabao ya ligi yetu huko nje hakuna anayeyahesabu. Kilichomuuza Ogam ni CHAN, mechi zilionyeshwa kila mahali. Mlango kama huo haufunguki mara mbili. Na hiyo timu si ya mchezo, 2025 ndio walibeba Kombe la Austria.

Mzee_Kijana254
Nyinyi mnaongea jina la ligi, mimi naongea dakika. Angalieni Michael Olunga, straika wa Kenya. Kutoka Gor Mahia alienda Sweden, Djurgården, akafunga, wakamuuza China, China wakampeleka Girona ya Uhispania kwa mkopo. Sasa hapo La Liga, ligi kuu ya huko, sote tulipiga makofi, Januari 2018 akaingia kutoka benchi akapiga Las Palmas hat-trick, ikaisha 6-0, tukadhani amefika, kumbe baada ya hapo ni benchi tena. Akaenda Japani, Kashiwa Reysol, na hiyo timu ikashuka daraja! Watu wakaanza kusema amekwisha. 2019 akiwa daraja la pili akafunga 27, mechi moja pekee dhidi ya Kyoto akaweka NANE, ikaisha 13-1. Wakapanda, 2020 akafunga 28 akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Hakuna La Liga hapo. Straika anakua akianza kila wikendi, akikosa leo anajua Jumamosi yuko tena. Kwa hivyo swali la Ogam si Austria ni ndogo ama kubwa, swali ni kochi anamwanzisha ama anamwingiza dakika ya 85.

kiungo_mkabaji
Mzee amesema. Niongeze tu kitu watu hawajui kuhusu hiyo ligi, ina timu 12, wakicheza raundi 22 wanagawanywa, sita juu sita chini, na mpaka msimu wa 2025/26 pointi zilikuwa zinakatwa nusu. Sasa fikiria kochi ambaye amepigania nafasi ya sita mpaka mwisho, ataanzisha kijana mgeni kweli? Na huko fowadi ndiye anaanza kukaba, ukipoteza mpira unakimbia kuutafuta papo hapo. Huku kwetu straika akipoteza mpira anashika kiuno anamlaumu winga 😂 Hiyo peke yake inaweza kukula miezi. Halafu baridi, na Wolfsberg ni mji mdogo, Kijerumani lazima ujifunze juu chumba cha kubadilishia nguo hakingoji mtu.

Wa_Umoja_Stage
Sawa hapo kwa dakika nimeelewa. Lakini Dennis Oliech, straika wetu wa zamani, je? Yeye alitoka Mathare United akaenda Qatar, baadaye Ufaransa, Nantes kisha Auxerre, mpaka Champions League akacheza. Hakupitia ligi ndogo za Ulaya.

shabiki_wa_jua_kali
Si unaona umejijibu, Oliech pia alitoka hapa akiwa mtoto. Ile siku anafunga Cape Verde 2003 tukaenda AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, alikuwa na miaka 18. Hakungoja akomae hapa kwanza.

mama_wa_namba_tisa
Samahani wazee naingilia. Mimi kijana wangu ana 16, ni namba tisa, na kuna mtu anasema anaweza kumpeleka Ulaya mwezi ujao tukitoa pesa ya visa na majaribio. Nikisoma hivi nashangaa nikubali ama nikatae.

kiungo_mkabaji
Mama, usitoe hata shilingi. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, kuna vighairi vichache sana na hicho si kimojawapo. Klabu ikimtaka kijana kwa ukweli inamwandikia klabu yake hapa, na pesa inatoka kwao inakuja huku. Inatakiwa hata kulipa timu zilizomlea. Muulize huyo jamaa jina la klabu na leseni yake ya FIFA, uone kama atapokea simu tena.

Mzee_Kijana254
Na usimtoe shule mama. Olunga alisoma uhandisi pale Technical University huku akiichezea Gor, na bado mabao yalikuja.