Nina viko 41, kabati limeshaanza kuchongwa. Naombeni ushauri kabla ya Jumapili

Jiwe_la_Nyegezi:
Wakuu, habari za jioni. Nina viko vya tumbaku 41. Nimevikusanya tangu 2008, kimoja kimoja kwenye mitumba ya Mlango Mmoja hapa Mwanza, na kumi na viwili kwa mkupuo kutoka kwa mzee wa Kihindi aliyekuwa anafunga duka lake mjini ahamie Kanada. Miaka yote vimelala kwenye maboksi ya viatu. Masika iliyopita nafungua, nakuta ukungu mweupe ndani ya bakuli za viko sita. Roho iliniuma.
Sasa nataka kabati la kioo sebuleni, ukuta unaotazamana na dirisha la upande wa ziwa. Je, visimame, vilale au vining'inie? Na kioo kifungwe kabisa au kiachiwe hewa? Nahitaji majibu kabla ya Jumapili.

Dagaa_Mkavu:
Nimevuta kiti. Nasubiri wajuzi.

Mama Kulwa:
Acha kwanza tumbaku, kabati tutaliongea baadaye. Shemeji yangu alianza hivyohivyo na "kukusanya". Leo kilima cha Bugando anakipanda kwa vituo vinne.

Jiwe_la_Nyegezi:
Mama Kulwa, mimi nakusanya tu, sivuti. Turudi kwenye mada.

Mzee wa Kamanga:
Kijana, nimevuta kiko miaka ishirini na mbili, nimeacha, kwa hiyo nisikilize.
Ukuta huo unapigwa na jua la saa kumi. Usithubutu. Ile midomo myeusi mingi ni eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa. Jua likiizoea, weusi unaondoka, inageuka rangi ya matope ya kijani, na ukiitia kinywani ni kama umelamba kiberiti. Weka kabati ukuta wenye kivuli.
Bakuli nyingi ni kinundu cha mzizi wa kichaka cha nchi za Mediterania. Moto kinauweza, ila unyevunyevu wa kufungiwa hakiupendi. Toboa matundu madogo nyuma ya kabati, juu na chini, uyazibe kwa wavu wa mbu maana wadudu wa ziwani unawajua. Vile vipakiti vya chumvichumvi vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitupie kila rafu. Naftalini, zile tembe nyeupe za kufukuza nondo, usiweke kabisa, mbao inanyonya harufu na haiirudishi. Kabati likishapakwa vanishi liache wazi wiki kadhaa kwanza. Na liachane na ukuta kidogo, mchwa hawabishi hodi.
Kulala au kusimama, hiari yako, mradi kiko kiwe kikavu. Mimi nilivilaza, bakuli likiwa chini kuliko mdomo.
Sasa swali langu. Kiko kilichokaa kikavu miaka kumi hakioti ukungu kwenye bakuli hivihivi. Ukungu unataka unyevu na mabaki ya tumbaku. Hivyo sita, nani anavivuta?

Jiwe_la_Nyegezi:
Ni vya mitumba mzee, vilikuja na uchafu wake.

Mzee wa Kamanga:
Sita tu kati ya 41?

Dagaa_Mkavu:
😂😂 Kimya cha dakika arobaini.

Jiwe_la_Nyegezi:
Sawa. Navuta. Ijumaa jioni tu, kibarazani, na si kila Ijumaa.
Shida yenyewe ni kwamba Jumapili wakwe wanakuja kupaona nyumbani. Mchumba wangu ni Msabato, baba yake ni mzee wa kanisa huko Majita. Nilishamwambia binti sivuti kitu. Viko anajua ninavyo, anajua ni urembo.
Msiniambie niahirishe kabati. Fundi nimempa laki tatu na nusu kati ya laki sita, mninga mtupu, na ukuta umeshatobolewa. Tena nikivificha chumbani wakavikuta, nitaonekana mwizi. Vikikaa sebuleni nyuma ya kioo, nitaonekana mtu wa sanaa.

Mama Kulwa:
Nilisema mimi.

Ng'wana_Magu:
Umenikumbusha bibi yangu, Ukerewe. Alikuwa na kiko cha udongo, mrija wa mwanzi, anavuta akipalilia mihogo. Siku moja tumepanda kivuko kwenda Bunda, akainama kuchungulia maji, kiko pluu! Hakulia. Alikaa amefunga mdomo mpaka tunashuka, kisha akamwambia mjomba tugeuze turudi. Safari ya harusi ikaishia pale. Vya kwako vipeleke Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, vitatunzwa.

Jiwe_la_Nyegezi:
Bujora wafanyie nini viko vya Wazungu? Kimoja ni cha gunzi la mahindi, kimetoka Missouri, Marekani.

Dagaa_Mkavu:
Subiri. Umenunua GUNZI? Hapa Usukumani?

Kaka_Pasiansi:
Jamani, huu uongo ni chai isiyo hata na majani. Mwezi wa tatu huyuhuyu alifungua uzi humu analalamika mwenye nyumba kampandishia kodi ya chumba kimoja Mabatini. Leo ana sebule inayotazama ziwa, viko 41, kabati la mninga na baba mkwe mzee wa kanisa. Miezi michache tu! Mods futeni.

Ng'wana_Magu:
Eeh, hata mimi nilishangaa.

Dagaa_Mkavu:
Basi na mimi narudisha kiti.

Jiwe_la_Nyegezi:
Mabatini nilipanga miaka sita nikiwa najenga. Nimehamia Nyegezi mwezi wa tano, madirisha mawili bado nimeziba kwa turubai. Picha siweki, binti anapita humu.

Kaka_Pasiansi:
"Binti anapita humu." Halafu umeandika yote haya wazi?

Mzee wa Kamanga:
Ngojeni. Kijana, una chochote cha hapahapa Tanzania? Usiende kutafuta, jibu sasa hivi.

Jiwe_la_Nyegezi:
Viwili. Vina alama ya tembo na neno Kiko. Kimoja kimevalishwa ngozi, kingine kimepasuka kidogo mdomoni.

Mzee wa Kamanga:
Anavyo huyu. Hivyo vilitengenezwa Arusha, kwa lile jiwe jeupe jepesi la upande wa Amboseli, mpakani na Kenya. Kijana, hivyo viwili viweke rafu ya juu, jiwe lile likidondoka ndiyo basi. Vile sita vya mbao jaza chumvi bakuli, tia spiriti, uache mpaka asubuhi, chumvi itatoka kahawia. Ila spiriti isiguse nje, itakula rangi. Na vya jiwe usivifanyie hivyo.

Kaka_Pasiansi:
Tembo hata mimi nina simu, naweza kugugo.

Mama Kulwa:
Chai au si chai, mimi nauliza: harufu je? Mama mkwe pua yake haitazami kioo. Mwambie binti kabla ya Jumapili, mwanangu. Leo.

Jiwe_la_Nyegezi:
Mama, hilo nitaliangalia. Mzee wa Kamanga, wabeja sana, ukuta nahamisha, yale matundu ya ukutani nitaziba kwa plasta.
Fundi kapiga sasa hivi. Anauliza mlango wa kioo ufunguke kushoto au kulia, na kama nataka kitasa cha kufuli.

Mama Kulwa:
Kufuli.