Rakuni wa Ujerumani: tuwamalize kwa risasi?

Mleta mada: Mwaka 1934 jozi 2 za rakuni, wanyama wadogo walaji wa kila kitu kutoka Amerika Kaskazini, waliachiliwa kando ya ziwa Edersee, jimbo la Hesse. Mwaka 1945 wengine wakatoroka shamba la kufugia wanyama wa manyoya karibu na mji wa Strausberg. Siku hizi wanauawa zaidi ya 200,000 kwa mwaka, na bado wanaenea na kula vyura wetu. Nasema msako uongezwe nchi nzima.

Dimbwi: Mkuu, takwimu yako inakugeuka. Jike hubeba mimba siku 63 hivi, huzaa watoto 2 hadi 5. Ukiua ovyo, waliobaki wanashiba zaidi, majike wa mwaka mmoja nao wanazaa kwa wingi, na madume vijana wa jirani wanahamia penye nafasi.

Mleta mada: Kwa hiyo vyura waliwe tu? Rakuni humchuna chura ngozi yenye sumu, akala nyama!

Dimbwi: Nani kasema waliwe? Pigania mahali, achana na nchi nzima. Weka mitego ya sanduku kuzunguka dimbwi ambamo vyura huzaliana, kabla hawajafika, uikague kila asubuhi. Chambo kiwe kitu kitamu kama matunda makavu. Ukiweka samaki utanasa paka wa watu. Mti wenye viota vya ndege uvishe bati laini lenye upana wa mita 1, na ukate matawi yanayogusana na mti wa pili. Wengi husahau hili, rakuni anapita juu kwa juu. Kiota cha kobe wa majini kifunike kwa wavu wa chuma, kingo zake zizikwe, maana mikono ile inafukua.

Shahidi: Na kuwafunga uzazi kisha kuwaachilia?

Dimbwi: Aliyefungwa uzazi bado anakula mayai. Tena rakuni yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 chini ya kanuni 1143/2014, inayokataza kuachilia viumbe hao porini. Kumrudisha ni kesi.

Shahidi: Japani waliwaingiza kwa wingi kama wanyama wa kufuga baada ya katuni ya televisheni ya 1977. Walipokua wakawa wakali, waliowafuga wakawatupa. Sheria ya kuzuia ikaja 2005, wameshatapakaa.

Mleta mada: Sawa, nakubali kuanza na madimbwi. Mitego inasafishwaje?

Dimbwi: Maji yanayochemka. Kinyesi kinaweza kuwa na mayai ya minyoo Baylisascaris procyonis, huwa tayari kuambukiza baada ya wiki 2 hadi 4, na klorini haiyaui. Vaa glavu, ondoa kinyesi kikiwa kibichi.

Mleta mada: Risasi za mashambani lakini siziachi, mahindi yanaliwa.

Dimbwi: Piga. Ila usiziite uhifadhi.