Magofu ya Waholanzi, mbona siyaoni kwenye ramani?

kasukuwino: Wadau habari za jioni. Nilikuwa napekua michoro ya zamani mtandaoni nikakutana na mmoja wa Jan van Huysum, kahekalu ka duara kamebomoka, nguzo zimeota majani, mto chini, mbuzi wanapita. Mzuri balaa. Sasa nimezunguka ramani ya Italia siku mbili nzima natafuta ni wapi, sioni kitu. Pamebomolewa au jamaa katuzuga?

mzee_wa_turubai: Mkuu hupati kwa sababu hapapo. Van Huysum (1682–1749) alikuwa mtu wa Amsterdam, hela yake ilitoka kwenye picha za maua, Italia hakufika kabisa. Katunga kichwani, na wanunuzi walijua na wakalipa vilevile.

Tibabu: Hapo kwenye "kichwani" napinga kidogo. Kabla yake kuna walioenda kweli, Breenbergh kwa mfano alikaa Roma kama miaka kumi kuanzia 1619, anachora Colosseum na magofu ya Tivoli, mji wa jirani, palepale. Walikuwa na genge lao, Bentvueghels, yaani ndege wa kundi moja, mgeni anapewa jina la utani, wanakunywa mpaka asubuhi halafu wanaenda kanisa la Santa Costanza kukwangua majina ukutani, yapo mpaka leo (wahuni tu hao). Wakirudi Uholanzi na marundo ya michoro ndo wanaanza kuhamisha vitu, tao la huku linapachikwa kule, na ambao hawakusafiri wakaiga kwao. Kahekalu ka duara unakosema nenda kalinganishe na ka Tivoli.

chaki_nyeusi: Mimi kinachoniua ni jua. Wanaanza na chaki, kalamu ya wino wa kahawia, kisha brashi yenye wino uliozimuliwa maji, na ule mwanga kwenye nguzo ni karatasi tupu, hawajagusa! Nilijaribu kwa kahawa nikapata tope. Halafu Jan de Bisschop alikuwa wakili, anachora akitoka kazini, na wino wake wa kahawia nyekundu ukaja kuitwa kwa jina lake.

kasukuwino: Aisee @Tibabu nimekaona ka Tivoli, kako juu ya genge la mwamba, kangu kako bondeni kwenye tambarare. Nguzo zilizobaki kule ni 10, ngoja nihesabu za huku, majani yamezidi.