Picha ya mvuke nyeusi, mvua Kasarani. Kwa nini?

Mwalimu wa Kasarani:
Wadau, naombeni msaada. Nafundisha jiografia, na masika haya nawaonyesha wanafunzi picha za mvuke wa maji za setilaiti ya Meteosat. Jana adhuhuri Nairobi ilikuwa nyeusi tii kwenye picha, yaani hewa kavu. Saa kumi mvua ikapiga, matatu zikakwama barabara ya Mwiki. Mwanafunzi akauliza kama setilaiti inadanganya. Tena, picha hizi zinaonyesha mabadiliko ya tabianchi?

Mtabiri:
Haidanganyi, mwalimu. Uliangalia mkanda gani, yaani urefu gani wa mawimbi ya mionzi? Ule wa mikromita 6.2 huona mvuke wa juu, takriban kilomita 5 hadi 10. Mvuke ulio chini ya hapo hauuoni vizuri, na unyevu wetu wa masika hutoka Bahari ya Hindi ukipita huko chini. Kwa hiyo juu kukavu, chini kumejaa maji, jua la mchana likainyanyua hewa hiyo. Fungua picha ya saa kumi: bila shaka utaona doa jeupe, ndilo wingu lenyewe lililofika juu. Linganisha na mkanda wa 7.3, unaoona chini zaidi kidogo. Na baluni za hali ya hewa zinazorushwa Dagoretti Corner, Nairobi, bado zina kazi, kwa sababu hupima unyevu kuanzia ardhini kwenda juu.

Bi Zuhura:
Kuhusu tabianchi, picha ya siku moja haitoshi. Kinachotakiwa ni rekodi ndefu, na ya vipimo vya setilaiti vya mikrowevu juu ya bahari inaanzia 1987. Juu ya nchi kavu njia hiyo ni ngumu, maana udongo wenyewe hutoa mionzi mingi. Ongezeko la mvuke linatarajiwa, maana hewa ikipata joto nyuzi 1 zaidi, huweza kubeba mvuke wapata asilimia 7 zaidi.

Mwalimu wa Kasarani:
Asante sana. Basi mbona kaskazini mwetu mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo kuanzia 2020, kama mvuke unaongezeka?

Bi Zuhura:
Swali zuri hilo, wape wanafunzi. Mvuke peke yake haunyeshi, lazima hewa ipande. Miaka ile ya La Niña, yaani Pasifiki ya kati inapopoa kuliko kawaida, hewa ilipanda zaidi upande wa Indonesia, kwetu ikashuka. Vuli ya 2019 ilikuwa kinyume: bahari ya upande wetu ilipata joto, tukafurika, Australia ikakauka. Wachoree ramani mbili za mvuke, Novemba 2019 na Novemba 2020, waziweke pamoja.