Kizazi cha Jang'ombe

ALHAMISI

[20:14] Da Rukia: Assalaam alaykum jamani. Albamu ya Bibi ina kurasa 24, zilizojaa 3. Idi pili ndo hiyo inakuja. Nani ana wazo la mapambo ya kurasa?

[20:15] Da Rukia: Nimeshinda Pinterest tokea asubuhi. Maboga, theluji, majani mekundu yanapukutika. Bibi ataniuliza umekufa mti gani

[20:31] Juma: 😂

[20:32] Da Rukia: Juma sitaki kicheko nataka wazo

[20:50] Da Rukia: Haya nimelipata mwenyewe. Tufungue kasha la kanga za Bibi. Kila ukurasa uwe kanga. Pindo pande zote nne, picha ikae katikati kwenye mji, jina la kanga chini. Tunazipiga picha kanga zenyewe, tunachapa, tunakata mapindo. Huko Pinterest hawanayo hayo

[20:58] Mwanaisha: Nimependa 👏 Ile doti ya korosho ya manjano aliyovaa arusi ya Mama iwe ukurasa wa Mama

[21:03] Juma: Na picha ya Kaka Hamadi na jezi ya Malindi, kakaa benchi, chini tuandike JAPO SIPATI TAMAA SIKATI

[21:04] Kaka Hamadi: Niliingia dakika ya 80

[21:04] Juma: mechi ya kirafiki

[21:06] Tariq London: na yule mbuzi aliyekula kilemba cha Mjomba? HASIDI HANA SABABU

[21:06] Mwanaisha: 😂😂😂😂

[21:09] Da Rukia: JAMANI. Nani ana ufunguo wa kasha?

[22:30] Da Rukia: Tumo 31 humu. Waliosoma 19. Naona alama za buluu

IJUMAA

[06:02] Da Rukia: Ufunguo wa kasha nani anao

[07:15] Mwanaisha: Da Rukia, zile kurasa 3 umebandika kwa gundi ya maji? Mbona karatasi imefanya mawimbi. Kuna vile vipembe vya karatasi, unachomeka ncha za picha tu, siku ukiitaka unaitoa. Umeisahau ile albamu ya kunata ya Mama? Plastiki imegeuka rangi ya chai na picha ya skuli mpaka leo haijabanduka

[07:21] Da Rukia: Nimebandika nakala, akili ninazo. Picha zenyewe zinapigwa skani, nyuma naandika majina kwa penseli, wino unapenya mbele.

[07:24] Da Rukia: Na tukitaja picha zenyewe. Ile ya Babu na Bibi ya Capital Art, yenye muhuri wa studio nyuma. Ilishushwa ukutani siku ya hitima 2009 ikaenda "kupigwa kopi". Aliyenayo anajijua

[07:25] Juma: 👀

[07:40] Mwanaisha: Leo tena?

[13:47] Da Salma Muscat: Nimeamka sasa hivi, jana zamu ya usiku. Ninayo mie. Niliichukua mbele ya watu. Ningeiacha ingekwenda na maji kama zilivyokwenda nyengine chumba cha uani. Pesa ya paa ililetwa, aliyeipokea pia anajijua

[13:49] Da Rukia: Salma paa lilitengenezwa

[13:49] Da Salma Muscat: Baada ya masika

[13:52] Kaka Hamadi: Jamani leo Ijumaa

[14:10] Da Rukia: Haya. Ipige skani uilete. Isiwe ya simu yenye kivuli cha mkono wako. Nitaikata duara, wabaki Babu na Bibi tu

[14:12] Tariq London: wabaki? kwani kuna nani mwengine

[14:12] Da Rukia: Njoo faragha

[16:20] Mjomba Seif: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:41)

[16:26] Tariq London: Mjomba nipo kwenye basi sisikii, kuna wa kuniandikia?

[21:05] Babu Mdogo: Assalaam alaykum wanangu. Nimesomewa, na haya naandikiwa. Picha ile ina watu watatu. Kisutu alichovaa dada yangu siku ile alifungwa na Bi Zuwena kwa mikono yake, akampeleka studio mwenyewe. Asikatwe. Na ukurasa huo uzungushieni kisutu, nyekundu nyeusi na nyeupe. Kisutu hakina maneno. Na nyie msiandike.

[21:05] Juma: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[22:38] Da Rukia: Shikamoo Babu. Tumesikia.

[22:40] Babu Mdogo: Marahaba

JUMAMOSI

[11:16] Da Salma Muscat: 📷 Picha

[11:19] Da Rukia: Salma. Kivuli cha mkono.

[11:20] Da Salma Muscat: Skana iko kazini, mpaka kesho. Umeiona lakini sura ya Bi Zuwena?

[11:34] Da Rukia: Nimeiona

[11:35] Da Rukia: Kesho basi, nakusubiri. Na hicho kisutu kimo kasha lile lile. UFUNGUO JAMANI

[12:50] Mjomba Seif: Si nilisema jana kwenye sauti

[12:51] Tariq London: nani aliisikiliza?