Programa wa Dodoma, mnapigia wapi stori?

dada_nkuhungu
Wadau, habari za jioni. Nauliza wanaoandika programu hapa Dodoma na mikoa jirani: kazi ikiisha mnapiga stori na nani, na wapi? Sitafuti semina wala mafunzo, natafuta watu wa kukaa nao tu.

Nafanyia kazi nyumbani Nkuhungu, huu mwaka wa pili. Zamani tulikuwa wanne kwenye chumba cha kupanga karibu na Jamatini. Mkataba ukaisha, mmoja akarudi Dar, mwingine Arusha, tukatawanyika. Sasa kuna siku inafika saa 11 jioni sijatamka neno tangu nilipomsalimia muuza maziwa asubuhi.

Niwaambie kwa nini inaniuma. Tulitengeneza mfumo wa ofisi moja ya mizigo ya mabasi. Mzigo ukizidisha siku moja stoo, unalipiwa. Wateja wakaanza kulalamika kwamba wanatozwa siku isiyo yao. Si wote, wachache tu, na kila nikijaribu mchana mfumo unahesabu sawasawa. Siku tatu nimeinamia msimbo ule ule, yaani maandishi ya programu. Siku ya nne mwenzangu akanivuta tukanywe kahawa. Akawa ananisimulia mtoto wake mchanga anavyoamka kila saa 8 usiku, yeye na mkewe wanapokezana kumbembeleza. Ghafla akanyamaza, akaniuliza: "Hiyo mizigo inayokosea inashushwa saa ngapi?"

Usiku! Pembeni kulikuwa na gari, kioo cha nyuma kimejaa vumbi letu la mwezi wa nane. Akaandika kwa kidole 00:00, chini yake 21:00. Seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo, ilikuwa inakwenda kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Kila mzigo ulioandikishwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku ulikuwa unapewa tarehe ya jana. Kahawa tuliiacha nusu.

Yule kaka hakuwahi hata kuusoma msimbo wangu. Alikuwa na mtoto asiyelala, basi. Humu ndani peke yangu, nani angenitajia saa 8 usiku?

Na si kazi tu. Kwenye kahawa ile ndipo nilipojifunza kumwambia mteja kwamba matengenezo baada ya kukabidhi mfumo yana bei yake. Ndipo nilipoweza kusema mama anaumwa bila kuona nawapotezea watu muda. Magrupu ya simu ninayo manne, yamejaa matangazo ya kazi na picha za makosa. Ukiandika "leo nimechoka" hajibu mtu.

wa_mtumba
Pole dada. Mama anaendeleaje?

Mimi niko ofisini Mtumba, nimezungukwa na watu, na hali ni hiyo hiyo. Saa 9:30 alasiri kila mtu anawahi gari. Stori zetu ni za kwenye basi kurudi mjini. Wiki iliyopita niliyekaa naye kiti kimoja aliniambia ana miaka sita anatengeneza ripoti ile ile ya kila mwezi, anaogopa ameshasahau mengine yote. Tuko korido moja na nilikuwa sijui.

Panga siku na mahali, hata wakija wawili. Ukisubiri watimie kumi, hamtakaa.

niko_singida
Kwanza la kiufundi, maana wengine watapita hapa. Kuhifadhi saa kwa UTC si kosa. Tanzania hatubadilishi saa kwa majira, lakini msijumlishe 3 kwa mkono. Tumieni eneo la saa la Africa/Dar_es_Salaam, na tarehe ya kuhesabia siku itolewe baada ya kugeuza saa, si kabla. Hapo ndipo tunapoteleza wengi.

La pili: nami niko peke yangu. Kila Alhamisi saa 2 usiku nampigia rafiki niliyesoma naye. Sauti tu, yeye anapika, mimi nakunja nguo. Tumekubaliana dakika 20 za mwanzo kazi haitajwi. Mwaka jana yeye ndiye aliyegundua kwamba silali, kabla mimi sijakubali.

kijana_ngongona
Shikamooni. Nasoma UDOM mwaka wa tatu. Wanafunzi tunaruhusiwa? Hosteli tunakesha pamoja tukiandika programu, lakini hakuna wa kumuuliza maisha yakoje mtu akishatoka hapa. Sitaomba kazi, nataka kusikiliza.

dada_nkuhungu
Marahaba mdogo wangu, karibu sana. Na kazi ukitaka kuomba, omba.

Wa Mtumba, mama hajambo sasa, anatembea mwenyewe. Asante kwa kuuliza. Wa Singida, ndivyo tulivyorekebisha, na waliozidishiwa wakarudishiwa hela zao.

Basi Jumamosi hii saa 10 jioni, Nyerere Square, kwenye mabenchi yenye kivuli. Kompyuta ziachwe nyumbani. Nitajifunga kilemba cha kijani, nitakuja na zabibu za Hombolo. Akija hata mmoja, nakaa mpaka magharibi.

wa_mtumba
Nipo. Nakuja na yule wa kwenye basi.