Kampuni ndogo ya utafiti wa akili mnemba hapa Amu (Lamu): tuanze na watu gani?

MwanaLangoni:
Asalam aleikum jamaa. Niko Langoni, natengeneza simu. Mimi na binamu yangu aliyesomea kompyuta twataka kufungua kampuni ndogo ya utafiti, tuunde programu ya kusikiliza Kiamu na kukiandika. Tumejaribu Whisper, programu ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Kiswahili cha redioni yakiandika vizuri tu, lakini nyanya akisema kitwa chamuuma, yatoa maajabu. Sasa mfadhili atuuliza timu yetu ni nani. Binamu ataka tumwajiri mtaalamu mwengine wa programu kutoka Nairobi. Mshahara wake utatumaliza. Mwasemaje?

Kasa_Watamu:
Mchukueni huyo wa Nairobi. Na mpeane vyeo virefu virefu, wafadhili wavipenda.

MamaMuyeye:
Mwanangu, wa Nairobi angoje. Mimi nimefanya kibarua cha kusikiliza sauti na kuziandika, hapa hapa Malindi, kwenye meza ya jikoni, kwa kampuni ya ng'ambo. Ukurasa wao wa timu ulikuwa na picha za wakubwa wote, hata mbwa wa ofisini. Sisi waandikaji hatumo.

Watu wapenda kusimulia habari za DNNresearch, kampuni ndogo ya akili mnemba ya Toronto: Geoffrey Hinton na wanafunzi wake wawili, Alex Krizhevsky na Ilya Sutskever. Watu watatu, 2012, hawana hata bidhaa ya kuuza, na 2013 Google wakainunua. Krizhevsky aliifundisha mashine kutambua picha, chumbani kwake, kwa kadi mbili za kompyuta za kuchezea gemu. Ni kweli yote. Lakini zile picha kama milioni 1.2 alizofundishia zilitoka ImageNet, mradi wa kukusanya picha wa mtafiti Fei-Fei Li, na waliozipanga na kuzitia majina ni maelfu ya vibarua wa mtandaoni. Krizhevsky alikuta kazi yao iko tayari. Kiamu hakijafanyiwa kazi kubwa kama hiyo, kwa hiyo vibarua hao muwatafute nyinyi.

Whisper iko wazi tangu 2022, yeyote aweza kuichukua, binamu yako peke yake ataweza kuiongezea mafunzo kwa kompyuta ya kukodi. Mtu wa tatu awe mama wa Mkomani, mtu mzima, mwenye sikio na mwandiko. Wa nne wa kumkagua, maana mtabishana. Mzee akisema ndia, mwaandika ndia au njia? Amueni mapema, muweke kanuni kwenye daftari. Nimeona kazi ya miezi ikirudiwa yote kwa sababu kila mwandikaji alikuwa na tahajia yake.

Tena muwalipe kwa saa wanazokaa kitini. Msiwapimie kwa dakika za sauti! Dakika moja ya wazee wanaokatizana barazani yaweza kula nusu saa. Na kila mwenye sauti aelezwe itatumika wapi, akubali mwenyewe. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 yataka hivyo.

Kasa_Watamu:
Huyo mbwa alikuwa na cheo gani?

MwanaLangoni:
Shukran sana mama. Nina shangazi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mwandiko wake kama chapa. Tatizo lake husahihisha kila mtu. Nyanya akisema kitwa, yeye ataandika kichwa.

MamaMuyeye:
Basi huyo mpe daftari la pesa.